Utabiri wa Wiki Iliyopita

Kwa miaka tisa Yosefina alipima mvua ya kijiji cha Mkula bila kuruka hata siku moja. Kila saa tatu asubuhi alifungua kufuli la uzio mdogo wa waya nyuma ya nyumba yake, akachomoa chupa iliyokuwa ndani ya kipima mvua, akamimina maji kwenye kioo chenye mistari, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, ndipo akaandika. Siku alipokwenda Mahenge kumzika mama yake alimwachia ufunguo jirani yake Stumai, na Stumai akapima kwa siku nne, akaandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa shule.

Namba hizo Yosefina alizituma kwa simu kwa Steven, afisa ugani aliyekuwa na ofisi Ifakara. Hakulipwa kitu. Alipewa koti la mvua na buti za mpira, basi. Lakini kila Jumamosi jioni Steven alimtumia utabiri wa wiki inayokuja kwa Bonde la Kilombero, na Jumapili, baada ya komunyo, katekista wa kigango chao cha Kikatoliki alimwita mbele ausome kwenye matangazo. Watu walimwita Mama Mvua. Mwezi wa tano, masika yakiwa yanakatika na mpunga umeiva, hata waliozoea kuchelewa ibada walijitahidi kufika kabla ya matangazo. Wasiosali pale waliuliza majirani: Mama Mvua kasemaje?

Na yeye alipenda kuulizwa. Alikuwa na miaka hamsini na sita, ameishia darasa la saba, na hakuna jambo jingine ambalo watu walimngojea yeye alisemee.

Mwaka uliotangulia ulikuwa mbaya kwake. Mto ulifurika ukaingia mashambani, majaruba yake yote ya mpunga yakawa ziwa, na katika miezi hiyohiyo mumewe Hermenegildi akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakawa yanamtoka moja moja, kwa shida. Walikula mchele wa kununua kwa kilo, na kuna siku walikunywa uji mchana na usiku. Stumai, ambaye shamba lake lilikuwa juu kidogo na lilinusurika, aliwaletea debe la mpunga mara mbili bila kuombwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, ameachwa na mumewe na watoto watatu, na mashamba yao yalitenganishwa na tuta moja tu.

Kwa hiyo mwaka huu, mpunga ulipoiva vizuri, masuke yameinama kwa uzito, Yosefina alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu. Aliamka alfajiri kwenda kuuangalia, kana kwamba ungeweza kuondoka.

Kombaini, ile mashine ya kuvunia mpunga, ilikuwa moja kwa eneo lote. Ilitoka upande wa Sanje, na dereva wake, Fridolin, alikuwa amepanga zamu: Jumatatu kwa Stumai, Jumanne na Jumatano kwa watu wa ng'ambo ya mfereji, Alhamisi kwa Yosefina.

Jumamosi jioni simu ikalia. Yosefina alivaa miwani, akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda cha mumewe. Ilikuwa desturi yake kumsomea yeye kwanza.

"Kuanzia Jumanne mchana hadi Ijumaa," alisoma, "vipindi vya mvua kubwa vinatarajiwa katika Bonde la Kilombero, hasa maeneo yaliyo chini ya Milima ya Udzungwa. Wakulima wanashauriwa kuharakisha kuvuna mpunga uliokomaa na kuuhifadhi mahali pakavu."

Hermenegildi alimtazama.

"Alha... misi," alisema. Alikuwa anaijua zamu yao.

"Naijua," Yosefina alijibu. Akasimama, akajifunga kanga, akatoka.

Stumai alikuwa barazani anachambua mchicha.

"Karibu mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Sikai. Nimekuja na shida ndogo. Kuna ndugu yake baba ana gari, Jumanne linakwenda Ifakara, atanibebea magunia. Na zamu yangu ya kombaini ni Alhamisi. Nikasema, kama wewe huna haraka, tubadilishane. Nikuachie Alhamisi, wewe unipe Jumatatu."

"Mimi haraka ya nini?" alisema Stumai. "Wangu unaweza hata kusubiri Ijumaa. Ila mvua, mama? Wewe ndiye unayejua."

"Wiki nzima kavu," alisema Yosefina.

Baadaye alijaribu kujiambia kwamba neno lile lilimponyoka. Haikuwa kweli. Alilipanga njia nzima tangu mlangoni kwake, pamoja na lile gari ambalo halikuwepo.

"Basi nitampigia Fridolin nimwambie," alisema Stumai, akamfungia mchicha kwenye gazeti aende nao. "Mpelekee baba."

Kesho yake kanisani, Yosefina alikuwa bado na nia ya kusoma utabiri kama ulivyo. Ndivyo alivyoamini mpaka alipoitwa mbele. Aliposimama pale na simu mkononi aliwaona wanawake wawili wanaokaa mtaa mmoja na Stumai, benchi la pili. Stumai alikuwa Mwislamu, hakuwepo, lakini kabla ya saa sita mchana hao wangekuwa wameshamweleza kila kitu. Angefika mlangoni kwa Yosefina kuuliza: mbona jana ulisema kavu?

Kwenye simu ujumbe wa utabiri ulikuwa umepangana, mpya chini, wa wiki iliyopita juu yake. Kidole gumba kikapanda kwenye ule wa juu.

"Hali ya ukavu na jua inatarajiwa katika maeneo mengi ya bonde," alisoma. "Upepo hafifu. Wakulima waendelee na mavuno." Tarehe aliibadilisha mdomoni.

Watu wakaitikia kwa kichwa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Asante Mungu."

Nje alifuatwa na Mzee Wendelin, ambaye hakuwahi kuipenda kombaini. Yeye alivuna kwa mundu, mpunga akaulaza shambani siku mbili tatu ukauke kabla ya kuupiga.

"Yosefina, asubuhi redio ilisema kitu kuhusu mvua."

"Hiyo ni ya nyanda za juu, mzee. Iringa huko."

"Aa. Basi kesho naita watu, nakata lote."

Aliondoka akisukuma baiskeli. Yosefina alimwangalia hadi alipovuka barabara. Angeweza kumwita. Jina lilifika mpaka kwenye ulimi.

Jumatatu kombaini iliingia shambani kwake saa nne, na saa kumi mpunga wote ulikuwa kwenye magunia. Stumai alikuja kusaidia kufunga midomo ya magunia, mikono yake myepesi, anaimba kidogokidogo.

"Gari linakuja saa ngapi kesho?"

"Limeahirishwa," Yosefina alisema, bila kuinua uso. "Tutayaweka ndani kwanza."

Wakayapanga sebuleni mpaka dirishani. Magunia ishirini na sita. Stumai aliyapiga kofi la mwisho kwa furaha, kana kwamba ni yake, akasema, "Mwaka huu baba atakula ashibe."

Jumanne asubuhi mlima haukuonekana. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba. Saa nane mchana mvua ilianza, kubwa, wima, isiyo na upepo, na haikuwa ile ya kupita. Yosefina alisimama mlangoni, na nyuma yake Hermenegildi akasema kutoka kitandani:

"Uli... soma?"

"Nilisoma," alijibu.

Alikuwa amesema ukweli wa aina yake. Mumewe alimtazama mgongo kwa muda, kisha taratibu, kwa mkono wake mzima, akajivuta akageukia ukutani.

Mvua ilinyesha siku tatu. Kila saa tatu asubuhi Yosefina alivaa lile koti na zile buti, akafungua kufuli, akamimina maji kwenye kioo. Milimita hamsini na mbili. Sabini na moja. Arobaini na nne. Siku ya pili ilibidi ajaze kioo mara kadhaa, na wakati anainama kusoma mstari aliwaza kuandika kidogo zaidi, kumi tu, ishirini, mvua ionekane ya kawaida. Kalamu ikabaki juu ya karatasi. Akaandika sabini na moja, akamtumia Steven. Steven akajibu: "Poleni sana mama. Bahati nzuri mlijua mapema."

Yosefina alifunga simu, akaiweka kwenye kikombe kabatini, kana kwamba ingenyamaza zaidi humo.

Ijumaa mchana mvua ilipungua akashuka shambani. Shamba lake lilikuwa mabua tu yaliyosimama kwenye maji. Ng'ambo ya tuta mpunga wote wa Stumai ulikuwa umelala, umepigwa chini ukalaliwa na maji, na Stumai alikuwa katikati yake, maji magotini, anainua masuke kwa mikono anayaegemeza kwenye vijiti. Yalikuwa yakianguka tena kabla hajafika kwenye fungu linalofuata.

Yosefina aliingia majini akaanza kuinua naye. Walifanya hivyo kwa zaidi ya saa nzima. Jumapili ilipofika, masuke yaliyokuwa chini yalikuwa yameshaota, vichipukizi vyeupe kama uzi vimetoka kwenye punje. Mpunga wa Mzee Wendelin, uliokuwa umekatwa na kulazwa, maji yaliubeba wote mpaka mferejini, ukaziba mfereji, na vijana wakawa wanauchota kwa majembe kama takataka.

Na hakuna aliyemlaumu Yosefina. Hilo ndilo lililomvunja.

"Usijisikie vibaya, mama," Stumai alimwambia. Alikuwa ameketi juu ya tuta, miguu imejaa tope, ameshika suke lililoota analizungusha. "Naona tangu juzi huli. Wewe unasoma tu walichoandika. Walioandika ndio wametuua. Watu wana mashine, wana mishahara, wanashindwa kuona mvua ya siku tatu?"

Yosefina alifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Pole, mwanangu."

Jumapili hiyo hakwenda kanisani. Alisema kichwa kinamuuma. Usingizi ulikuwa umemkimbia. Alilala sebuleni kwa sababu Hermenegildi hakumgeukia, na sebuleni kulikuwa na magunia. Joto la mpunga mkavu lilikuwa linatoka ndani yake, harufu nzuri, na kila akivuta pumzi aliivuta harufu hiyo.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano Jumanne, na akataka Steven aje. Watu walijaa. Mzee Wendelin alikaa mbele, mikono juu ya fimbo. Barua ilikuwa imeshaandikwa, ya kurasa mbili: wakulima wa Mkula walikuwa wanaomba afisa ugani aondolewe, kwa kuwaletea utabiri wa uongo na kuwasababishia hasara. Zilikuwa zinangojwa sahihi tu.

Steven alikuja na pikipiki, suruali imerukiwa tope mpaka mapajani. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, anayependa kusalimia kila mtu kwa zamu yake. Safari hii salamu zake ziliitikiwa na wachache.

Walimsomea barua. Alisikiliza, na wakati anasikiliza Yosefina aliona uso wake ukibadilika kutoka kushangaa kuwa kitu kingine. Aligeuka, akamtafuta Yosefina kwa macho katikati ya wanawake. Wakatazamana. Yosefina akajua kwamba ameelewa.

"Ndugu zangu," Steven alisema polepole, "mimi utabiri wa Jumanne ile niliutuma Jumamosi. Ulisema mvua kubwa." Watu wakaguna. Akainua mkono. "Ngojeni. Huku mtandao unasumbua, wote mnajua. Inawezekana... inawezekana haukumfikia mama. Ulibaki njiani. Kosa ni langu, ningepiga simu kuhakikisha."

"Basi ni uzembe!" mtu alisema kwa sauti. "Piga sahihi!" akasema mwingine. Kalamu ikaanza kupita mkono kwa mkono kutoka upande wa mbele.

Yosefina alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka, Stumai pembeni yake. Aliiona kalamu inakuja. Ingefika kwa Stumai kwanza, halafu kwake, na yeye, Mama Mvua, angetakiwa kuandika jina lake kwenye ile karatasi.

Akasimama. Alikuwa amemshika Stumai bega.

"Ulinifikia," alisema.

Haikusikika vizuri. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, sema kwa sauti."

"Utabiri ulinifikia. Jumamosi ileile, jua halijazama. Nilimsomea mume wangu nyumbani. Ulisema mvua kubwa kuanzia Jumanne. Niliwasomea wa wiki iliyopita. Kwa makusudi. Nilitaka kombaini ianze kwangu. Nilikwenda kwa Stumai nikamdanganya kwamba kuna gari, nikamwambia wiki ni kavu. Nikaogopa akisikia ukweli kanisani. Mzee Wendelin aliniuliza nikamwambia mvua ya Iringa. Huyu kijana hana kosa. Hata mtandao hauna kosa."

Bega alilokuwa amelishika likatoka chini ya mkono wake. Stumai alisimama, akakung'uta kanga, akatoka nje bila kumtazama mtu. Hakuna aliyemzuia.

Kisha makelele yakaanza. Waliosema walisema vibaya, na Yosefina alisimama palepale akayasikia yote. Mama mmoja aliyekuwa akimwita dada kila siku alimwuliza anapokwenda kukomunika hujisikiaje. Mzee Wendelin hakupaza sauti. Alingoja wenzake wachoke, ndipo akasema, "Mimi nina miaka sabini na mbili. Nilisikia redio kwa masikio yangu. Nikakuamini wewe." Akainuka kwa fimbo yake, na kuinuka kulimchukua muda mrefu.

Steven alimfuata Yosefina njiani, anakokota pikipiki.

"Mama, mimi ningehamishwa tu. Ningepata kituo kingine. Wewe unaishi nao."

"Ndiyo," alisema Yosefina. "Naishi nao."

Nyumbani alimkuta Hermenegildi ameketishwa barazani na jirani. Habari ilikuwa imeshamtangulia. Yosefina alikaa chini karibu na miguu yake, akalia kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze, na mumewe akauweka ule mkono mzima juu ya kilemba chake. Hakusema kitu, na Yosefina hakujua kama ni kwa sababu ya kiharusi au kwa sababu hakukuwa na la kusema.

Asubuhi iliyofuata alikodi guta la magurudumu matatu akapakia magunia kumi na mawili. Mawili alimpelekea Mzee Wendelin, ambaye aliangalia kutoka dirishani akamwambia mkwewe, "Mwambie akale na mgonjwa wake." Yakarudi kwenye guta. Yote kumi na mawili yakaenda kwa Stumai.

Stumai alikuwa anafua. Alimwona, akaendelea kufua. Hakuamkia.

"Nimeleta mpunga," alisema Yosefina. "Si malipo. Najua hakuna malipo."

Stumai aliikamua nguo, akaitundika, akaichukua nyingine. Mwishowe akasema, "Shusha. Watoto wanakula."

Mwenye guta akashusha. Magunia yalipokwisha kuingia ndani Stumai alikausha mikono, akamkabili.

"Nikuulize kitu kimoja. Ile Jumamosi ungekuja ukaniambia: Stumai, mvua inakuja, zamu yako ni Jumatatu na yangu Alhamisi, nifanyeje? Unadhani ningefanya nini?"

Yosefina aliangalia nguo zikidondosha maji kambani.

"Tungemwita Fridolin aanze alfajiri umande ukikauka tu. Anapita kwangu nusu siku, anapita kwako nusu siku. Mashamba yamegusana. Tungekosa kidogo, mimi na wewe, na wote tungekuwa na chakula. Na kijiji kizima kingejua mvua inakuja." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na hasira hata kidogo, na Yosefina angependa iwe nayo. "Hilo hukuliwaza?"

"Sikuliwaza."

"Miaka yote hii tunakaa hapa, na hukuliwaza." Stumai alirudi kwenye beseni. "Nenda, mama. Mpunga nimepokea. Mengine bado."

Hilo swali Yosefina alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Alikuwa amejizoeza kufikiri kwamba alichagua kati ya mpunga wake na mpunga wa Stumai, uchaguzi mgumu ambao mtu mwenye mgonjwa angeweza kuufanya. Sasa hata hilo lilimtoka mkononi. Hakukuwa na haja ya kuchagua. Angeuliza tu.

Mwezi wa sita Steven alikuja na fundi, wakang'oa kipima mvua na uzio wake wakavipeleka shule ya msingi, kwa mwalimu mmoja aitwaye Oliva. Yosefina aliwasaidia kufungua nati. Mwalimu alimwomba amwonyeshe namna ya kusoma mstari, naye akamwonyesha, mara tatu, akimsisitizia ainame mpaka jicho liwe sawa na maji, asisome kutoka juu. Jumapili mwalimu Oliva aliitwa mbele kusoma utabiri. Alisoma haraka mno, anarukaruka maneno, lakini alisoma tarehe. Yosefina alikaa benchi la nyuma kabisa. Padri alipopita kigangoni, Yosefina alikwenda kuungama, akapewa kitubio, akakitimiza. Hakuna aliyempa nafasi ya kusogea mbele zaidi, naye hakuitafuta. Watu sokoni walimsalimia kwa ufupi. Jina la Mama Mvua lilikufa lenyewe, bila mtu kutangaza.

Mwezi wa kumi na mbili mvua za kulimia zilianza, na watu wakarudi majarubani. Tuta linalotenganisha shamba la Yosefina na la Stumai lilikuwa limebomoka katikati, kiasi cha hatua tano, na maji yalikuwa yakipita huku na huku. Yosefina alikwenda na jembe asubuhi akaanza kuliziba peke yake. Baada ya muda akasikia jembe jingine. Stumai alikuwa amefika upande wa pili, ameanza kujaza kutoka kwake.

"Shikamoo," alisema Stumai, kwa namna ambayo mtu huamkia mkubwa yeyote njiani.

"Marahaba."

Walifanya kazi. Udongo aliokuwa akiutupa Yosefina ulikuwa wa mchanga, na maji yalikuwa yakiulamba ukateleza kila anaporundika. Aliendelea kuurundika hivyohivyo. Stumai alimtazama mara mbili, tatu. Kisha akachota bonge la mfinyanzi kutoka upande wake, zito, jeusi, akalisogeza kwa jembe mpaka juu ya tuta.

"Huo wako hauwezi kukaa," alisema. "Chukua wa huku."

Yosefina akauchukua, akaukandamiza kwa mguu kwenye tundu, akasubiri bonge lingine.